Ndiyo ya Nyundo

Maffeo Bettoni akikuitikia kwa kichwa, usifurahi. Wageni hufurahi. Wanapanda huku bondeni kwetu Jumapili na mabasi yao, wanateremka mpaka kwenye kiwanda cha nyundo, wanamkuta mzee amevaa aproni ya ngozi mbele ya tanuri, na kila wanachomuuliza anaitikia. Chuma kina moto sana? Anaitikia. Kumbe hakina moto sana? Anaitikia. Mama mmoja wa Milano alimuuliza kama angemuuzia nyundo na gurudumu lake na mto wenyewe, akaitikia vilevile, mumewe akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nakaa mlangoni kwenye meza ya tiketi, na nusu ya kazi yangu ni kuwaambia watu kwamba yule bwana hajasikia kitu.

Hasikii kwa sababu ya kazi. Nyundo yetu si ya mkononi. Ni gogo zima la mti lililovishwa kichwa cha chuma. Maji ya mfereji yanazungusha gurudumu, gurudumu linalinyanyua gogo na kuliachia juu ya fuawe, linalinyanyua na kuliachia, kutwa kucha. Ukikaa nayo ujana wako wote masikio yanakwenda. Baba zetu wote yalikwenda hivyo. Ukisema na mhunzi nyundo ikipiga, yeye anaona midomo inacheza tu, anaona haya kukuuliza umesema nini, anakuitikia ili uondoke awahi chuma chake kabla hakijapoa. Sisi tukaipa jina: ndiyo ya nyundo. Kaka yangu utotoni alimwomba baba baiskeli kwa njia hiyo, akapewa, akaitumbukiza korongoni, na baba alipokuja juu akajibiwa, "Si uliitikia?" Alichapwa, lakini kijiji kilicheka wiki nzima. Mpaka leo mwanamume akimwahidi mkewe kwamba watakwenda kumwona mama mkwe, mke anauliza: hiyo ni ndiyo, au ni ndiyo ya nyundo?

Kwa hiyo neno la maana halisemwi hivyo. Pale mlangoni, ukiingia tu, mkono wa kulia, unaning'inia mnyororo. Ukiuvuta, kibao kinashuka mferejini, maji yanakatika, gurudumu linalegea, nyundo inakaa kimya. Mhunzi akihisi miguuni kwamba nyundo imekaa bila yeye kutaka, anageuka, na tayari anajua: kuna aliyekufa, au kuna anayetaka kuoa. Hakuna mtoto wa hapa Cerreda asiyelijua hilo. Unavuta mnyororo, unangoja ageuke, ndipo unasema.

Mimi ni Ersilia, na nilipaswa kuwa mke wake Maffeo. Nasema mapema, usije ukasikia maneno makali baadaye ukajiuliza huyu mama ana nini.

Alirithi kiwanda akiwa bado kijana, baba yake alipougua kifua. Walikuwa wakifua ndoo. Unachukua sahani za bati nene, unazipanga moja juu ya nyingine, unazitia moto, unazishika kwa koleo chini ya nyundo na kuzizungusha kidogo kidogo, na zinajikunja zote pamoja mpaka ukizibandua una ndoo kadhaa zilizotokana na moto mmoja. Ni kazi ya mkono mwepesi; ukichelewa kuzungusha, unatoboa ndoo zote. Maffeo hakutoboa. Msichana unaweza kumpenda mtu kwa kumtazama akifanya kazi, na mimi nilimtazama sana, nikijifanya nimekuja kuchota maji mferejini wakati kwetu kulikuwa na bomba.

Nyumbani kwao walikuwa watatu: yeye, dada yake Oliva, na mama yao ambaye alipooza upande mmoja na hakuweza kujigeuza kitandani. Oliva ndiye aliyemwosha, akamlisha, akamgeuza, na adhuhuri ndiye aliyemletea Maffeo chakula kiwandani, ugali wa mahindi ya njano na kipande cha jibini ndani ya kitambaa. Alisimama mlangoni, akamwonyesha kile kitambaa, Maffeo akaitikia, naye Oliva akakiweka juu ya jiwe, akaondoka. Ilikuwa hivyo kila siku.

Oliva naye alikuwa na mtu. Fermo, wa kiwanda cha juu. Huyo alikuwa na mdomo, bwana, alikuwa akiwachekesha hata watu wa msibani. Yeye na Maffeo walikua pamoja, wakaogelea mfereji mmoja, na wakati wa kiangazi maji yakipungua walikuwa wakifua kwa zamu, leo huyu, kesho yule, bila kugombana, jambo ambalo baba zao hawakuliweza kamwe. Kisha zikaja ndoo za plastiki. Nani atabeba chuma wakati kuna plastiki? Kiwanda cha juu kikafungwa, Fermo akapata kazi Uswisi, na akamwambia Oliva: twende, tutafunga ndoa kanisani kwetu kwanza, kisha twende. Alikuwa amekwisha kupata nyumba.

Basi siku hiyo Oliva akaja kiwandani na kitambaa chake adhuhuri kama kawaida. Nyundo inapiga, Maffeo ana rundo la sahani nyekundu kwenye koleo. Aligeuza jicho, akamwona dada yake mlangoni, midomo yake inacheza. Akadhani anauliza kama akiache chakula pale pale. Akaitikia. Oliva alisema tena maneno machache, Maffeo akaitikia tena, maana sahani zilikuwa zinapoa. Oliva akaweka kitambaa juu ya jiwe akaenda zake.

Jioni Maffeo aliporudi nyumbani mama yake alimshika mkono kwa ule mkono wake mmoja uliobaki mzima, akaubusu, akalia. Akawa anasema kitu. Ilibidi Maffeo ainame na kutazama midomo iliyopinda mpaka akaelewa. Mama alikuwa anamshukuru kwa kumwambia Oliva abaki.

Hapo akajua alichokuwa ameulizwa. Fermo anataka nimfuate, mama yuko hivi, nibaki? Na yeye ameitikia. Oliva alikuwa anaosha vyombo amempa mgongo. Maffeo alisimama akautazama ule mgongo. Angesema neno moja tu: dada, sikukusikia. Kinywa kilifunguka, alivyokuja kunisimulia, na papo hapo akamtazama mama kitandani akajiuliza nani atamgeuza, nani atamwosha, kiwanda nitakiachia nani. Akafunga kinywa. Akasema moyoni nitamwambia kesho.

Fermo alikuwa hajaondoka. Hilo ndilo lililomla Maffeo kuliko yote, kwamba zilikuwepo siku kadhaa nzima ambazo angeweza kutoka pale kwenda nyumba ya juu kwa akina Fermo, mwendo wa kumaliza sigara, akasema. Hakwenda. Siku ya Fermo kupanda basi, Maffeo alifungulia maji kabla hakujapambazuka akapiga nyundo mpaka basi likaondoka na baada ya hapo akaendelea kupiga. Mimi nilisikia kutoka kitandani kwetu nikasema, huyu leo ana nini. Hakuwa na chuma kwenye fuawe, alikuja kuniambia baadaye. Alikuwa anapiga fuawe tupu, ambayo mhunzi hafanyi, inavunja nyundo.

Muda si mrefu baada ya hapo akaja kwetu akaniambia hawezi kunioa. Sababu? Hakuna sababu. Hawezi. Mimi nilikuwa nimekwisha kudarizi mashuka. Nilimuuliza kama kuna mwanamke mwingine, akatikisa kichwa, nikamuuliza mimi nina kasoro gani, akatikisa kichwa, nikamfukuza kwa maneno ambayo mama yangu aliniombea msamaha kanisani. Nililia kwa miezi, na nililia nje, kwenye mfereji, watu wakipita. Sikujali. Baadaye nikaolewa na Tullio wa posta, mtu mwema, nimemzika kwa machozi ya kweli, sina la kumlalamikia. Lakini sitakudanganya kwamba nilisahau.

Maffeo na Oliva wakazeeka katika nyumba ile. Ukiwaona ungesema ndugu wapendanao namna hii hawapo tena. Chumba chenye jua alimpa Oliva, yeye akalala upande wa kaskazini ambako ukuta unatoa maji. Nyama nzuri ilikwenda kwenye sahani ya Oliva. Hakukaa mezani kabla yake, hakuwahi kumpandishia sauti, akipata chochote alikipeleka kwake. Mama yao aliishi miaka mingi vile vile kitandani, na alipokufa, Oliva hakuwa tena msichana, na Fermo, tulisikia, alikuwa ameoa mjane huko huko. Watu wakasema Maffeo ni malaika. Mimi nilikuwa nasema ni mjinga. Wote hatukujua kwamba tulikuwa tunamwona mtu anayelipa.

Aliniambia mimi, Tullio alipokuwa amekwisha kufa. Chama cha kijiji kilikuwa kimeamua kukifufua kiwanda kwa ajili ya wageni, na mwezi wa tatu tukaingia mferejini na majembe kutoa tope. Mfereji mkavu, ndege wanasikika. Tukapumzika ukingoni, na bila kuulizwa akaanza kusema, na sauti ya kiziwi haijui kunong'ona, ikabidi nimfanyie ishara apunguze. Alisema yote. Kwamba amemfunga dada yake kama mbuzi kwa kuitikia kwa kichwa bila kusikia, kisha akaona kamba akaiacha. Na kwamba hakunioa kwa sababu angewezaje kuleta bibi harusi katika nyumba ambayo ameizuia isitoe bibi harusi.

Nilikasirika kiasi kwamba nilitaka kumpiga na jembe. Si kwa ajili ya Oliva, kwa ajili yangu. Nikamwambia: ungeniambia wakati ule. Akasema angeniambia, nami ningemwambia Oliva. Kweli ningemwambia. Nikamwambia basi nenda mwambie leo, bado yu hai, ana haki. Maffeo akaitikia kwa kichwa. Nyundo haikuwepo, maji hayakuwepo, na ile bado ilikuwa ndiyo ya nyundo.

Hakumwambia. Kila Jumapili nilimtazama akiwaonyesha wageni namna bati linavyokuwa ndoo, na Oliva analeta sinia ya kahawa na keki ya chestinati, njugu za miti ya mlimani kwetu, na Maffeo akimwona anaingia uso unamshuka, hata baada ya miaka yote hiyo. Ukimwona mtu anaogopa hata kuletewa sinia na dada yake, huwezi kukaa na hasira sana. Yangu ilipungua ikabaki ya kawaida.

Sasa Jumapili moja ya mwezi wa tisa likaja basi la wazee kutoka Uswisi. Wakakata tiketi, wakaingia, wakajipanga ukutani. Mmoja alibaki nyuma, mrefu, ana fimbo, na hakuniangalia mimi, alikuwa anaangalia juu ya kichwa changu kwenye mlango. Maffeo alikuwa ameshika sahani nyekundu chini ya nyundo, mgongo kwetu. Yule mzee akaingia. Akanyoosha mkono wa kulia bila kutafuta, akashika mnyororo, akauvuta.

Nyundo ikakaa. Wageni wakadhani ndiyo sehemu ya maonyesho, mmoja akapiga makofi. Mimi nywele zilinisimama, kwa sababu mgeni hawezi kujua mnyororo ule uko wapi bila kuutazama.

Maffeo akageuka na koleo mkononi, akamwangalia. Alimjua kabla mimi sijamjua.

"Karibu, shemeji," akasema. Lilimtoka tu. Nadhani ndivyo alivyokuwa akimwita moyoni siku zote.

Fermo hakutabasamu. Alimsogelea, akamsimamia usoni, akasema taratibu kwa sauti kubwa kama anavyojua mtoto wa mhunzi. Alisema mkewe amekwisha kufa, na yeye daktari amemwambia mambo yasiyopendeza, na kuna kitu kimoja anataka kujua kabla siku zake hazijaisha. Kwamba wao wawili waliogelea mfereji mmoja. Kwamba kama Maffeo alikuwa anamhitaji dada yake, hakuna neno, mama alikuwa mgonjwa.

"Lakini mbona hukuja kuniambia mwenyewe?" akasema. "Ulimtuma yeye. Niliondoka hapa nikiwa nimepoteza mke na rafiki siku moja, na nyundo yako ilikuwa inanicheka mpaka kona ya chini."

"Sikusikia," Maffeo akasema.

Fermo akadhani hakusikia swali, akaanza kulirudia kwa sauti kubwa zaidi. Maffeo akaweka koleo chini, akamshika mkono.

"Siku ile. Sikusikia siku ile. Aliniuliza nyundo ikipiga, nikaitikia, nikidhani ni habari ya chakula. Jioni nikajua. Ulikuwa hujaondoka, Fermo. Ningeweza kuja. Nilimtaka mtu wa kumwosha mama, nikanyamaza. Ndivyo nilivyokufanyieni."

Alikuwa amekwisha kuanza kulia, na hakuwa anamwangalia Fermo tena. Alikuwa anaangalia mlangoni. Oliva alikuwa amesimama pale na sinia yake, sijui tangu lini. Maffeo akampigia magoti, mzee yule, na aproni yake, kwenye masizi, mbele ya watu wa basi. Akasema, "Nisamehe, dada. Miaka yote hii nimekula chakula chako, na ni mimi."

Nilidhani Oliva atamkimbilia. Hakwenda. Alibaki palepale mlangoni, sinia mkononi.

Fermo alikuwa mtoto wa mhunzi, nimesema. Alimtazama Maffeo pale chini, akamtazama Oliva, na nikaona kitu kinamwingia akilini polepole. Akauliza kwa sauti ya kawaida, ya watu wanaosikia.

"Ulimuuliza nyundo ikipiga?"

"Ndiyo," akasema Oliva.

"Wewe? Jambo kama lile?"

Oliva akaangalia vikombe vyake.

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapa," akasema. Na mnyororo ulikuwa unagusa bega lake.

Jamani. Mimi niliyezaliwa hatua chache kutoka kwenye mnyororo ule, niliyesikia kisa hiki ukingoni mwa mfereji kwa ukamilifu wake, sikuwahi kujiuliza swali hilo. Binti wa mhunzi, mjukuu wa mhunzi, anakwenda kuuliza habari ya maisha yake yote na havuti mnyororo. Baiskeli ndiyo huombwa hivyo.

Akaanza kusema, kwa sauti ndogo, akimwelekea Fermo. Kwamba aliogopa. Si Fermo, ile nchi, lugha ile, kulala mahali ambapo ukifungua dirisha huoni mlima huu. Kwamba hakuweza kumwambia usoni, Fermo alikuwa na furaha kiasi kile na nyumba amekwisha kuipata. Alijua kaka yake ataitikia. Alitaka neno la kubaki lisemwe na mtu mwingine, ndipo akaenda akalichukua kwa kaka yake, na akalipeleka kwa Fermo kama amri. Hata mama yao alimwambia kwamba ni amri ya Maffeo.

Fermo alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na mdomo zamani, lakini siku hiyo alisema maneno machache tu.

"Ungeniambia unaogopa, Oliva. Nisingekwenda."

Akatoka nje na fimbo yake akakaa kwenye ukuta wa mfereji, amewapa mgongo watu wa basi lake, na hakuna aliyemfuata.

Maffeo alikuwa bado chini. Hakuwa amepata hata neno. Oliva alikuwa amegeukia upande wa pili na amesema kwa sauti ndogo, na yeye alichoona ni kwamba dada yake hakumjibu na Fermo ametoka. Akanitazama mimi. "Amesema nini? Hataki kunisamehe?"

Nikamwambia amuulize mwenyewe. Sikuwa tayari kulibeba hilo kwa ajili ya mtu.

Oliva akaweka sinia juu ya meza yangu, juu ya tiketi, akamwendea. Akamwinua. Akamwambia, karibu na uso wake, lakini kwa ile ile sauti ndogo na macho chini, na midomo haikufunguka vizuri. Alisema yote kwa pumzi moja. Na Maffeo, kwa mazoea, kwa kuona haya, akaitikia kwa kichwa.

Nilimwona Oliva ameona kwamba hakusikia. Angeweza kuiacha hapo. Ilikuwa pale, ameungama, amejibiwa, na watu wa kushuhudia wapo. Nitampa haki yake: hakuiacha. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamnyanyua uso, akapaza sauti mpaka wazee wa Kiswisi wakatazamana.

"Hujasikia. Nasema tena. Sikuvuta mnyororo makusudi. Nilitaka usisikie. Nilitaka kubaki, nikakusingizia wewe. Hukunizuia wewe, Maffeo. Hukunizuia kamwe."

Hapo akasikia. Ilimchukua muda kuyapanga maneno hayo. Unajua mtu aliyebeba mzigo mgongoni siku nzima, ukimtua ghafla anayumba? Aliyumba, akashika gogo la nyundo. Nilingoja acheke, au aseme ahsante Mungu, maana kila usiku wa maisha yake alikuwa akilala na kosa ambalo nusu yake si lake. Badala yake akanyoosha kidole, chenye masizi, akanionyesha mimi.

"Na huyu?"

Oliva akanitazama.

"Alikuwa analia hapo mferejini kila siku. Ulikuwa unapita na chakula changu. Ulimwona."

"Nilimwona."

"Ulijua kwa nini?"

"Mwanzoni sikujua," akasema Oliva. "Baadaye nilihisi. Nyama unaniwekea mimi, chumba unanipa mimi, na huoi. Nilihisi. Ningesema, ungemwoa, na mimi ningekuwa nani katika nyumba ile?"

Mimi nilikuwa nimeshika sinia ili vikombe visianguke. Sijui nilijisikiaje, nikisema najua nitakuwa naongopa. Nakumbuka niliwaza yale mashuka yaliyodariziwa herufi M na E, ambazo mama alizifumua moja moja ili yatumike kwa Tullio.

Maffeo akaacha kumtazama dada yake. Akarudisha ile sahani iliyopoa kwenye tanuri, akangoja iwive. Akaja mpaka mlangoni, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akaachia mnyororo. Maji yakaingia, gurudumu likalia, nyundo ikaanza. Wageni wakachangamka, wakatoa kamera zao, nadhani walishukuru. Akashika sahani chini ya nyundo akaanza kuizungusha.

Oliva akamfuata. Alisimama karibu naye mpaka cheche zinamrukia sketi, na nikaona midomo yake inasema kitu kifupi. Hata mimi nikiwa mlangoni nililisoma neno lenyewe: umenisamehe?

Maffeo, macho kwenye chuma, akaitikia kwa kichwa.

Na Oliva akageuka, na uso wake, naapa, ulikuwa umeanza kupata nafuu. Alikuwa anaichukua. Alikuwa anaondoka nayo, kama ile ya zamani, ndiyo iliyopatikana nyundo ikipiga, na kesho angeanza upya kupika na kufua na kuishi juu yake. Damu ilinipanda. Nikaweka sinia, nikanyoosha mkono, nikavuta mnyororo kwa nguvu zangu zote, kibao kikagonga chini, nyundo ikakaa.

Maffeo akageuka. Nikamwambia Oliva: "Sasa muulize."

Alinitazama. Alikuwa na haki ya kuniambia niangalie tiketi zangu. Hakuniambia. Alirudi pale alipokuwa, akasimama mbele ya kaka yake, akainua uso, akauliza kwa sauti iliyomfanya hata Fermo kule ukutani ageuke.

"Umenisamehe?"

Maffeo alimwangalia. Kichwa chake kilianza kushuka chenyewe, kwa mazoea ya maisha, lakini akakizuia. Sijawahi kumwona akikizuia. Akasema kwa ile sauti yake kubwa ya kiziwi, bila hasira, kama mtu anayekuambia chuma hakijawiva.

"Bado."

Oliva akaitikia kwa kichwa, na yeye alikuwa amesikia. Kisha Maffeo akauliza kama kuna kahawa iliyobaki, Oliva akaja kwenye meza yangu akaichukua sinia, akampelekea ya kwanza Fermo nje, halafu Maffeo yake.